Juisi ya Meza ya Bwana

Majuzi, dukani hapa Riyadh, niliona chupa ya juisi ya zabibu ndani ya friji, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Jeddah, mtaa wa Kandara, na kila Ijumaa alasiri Wakenya wenzetu walikuja kusali sebuleni kwetu. Juisi kama ile ndiyo iliyokuwa divai yetu ya Meza ya Bwana. Siku moja joto lilinizidi, nikainywa yote jikoni, harufu ya pilau ikinijaa puani na wimbo wa toba ukisikika kupitia ukuta wa sebuleni. Ndipo nikakumbuka kwamba Baba, aliyeongoza ibada, huiita damu ya msamaha. Niliamini kabisa kwamba nimewamalizia watu wote msamaha wao, hata dereva mmoja aliyekuwa akilia kule sebuleni.

"Baba, sijawabakishia wengine," nilimwambia nikingoja kuchapwa.

"Msamaha hauishi, mama," aliniambia. "Yesu alikufa mara moja, ikatosha."

Akasuuza chupa kwa maji, akamimina kikombeni ile rangi hafifu iliyobaki. Siku zote kikombe kilitupita sisi watoto. Siku hiyo Baba alianza na mimi.