Minyororo ya Ami Faki

Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa ambayo wavuvi wa Kojani hupaka vyombo vyao, hunipandisha hasira mpaka leo. Watu hudhani nachukia uvundo wake. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya hamsini, masika niliyokuwa na miaka kumi na miwili, ami yangu Faki alikuwa akiipaka sifa minyororo miwili ya chuma isishike kutu, na nyumba yetu ya Makangale ikanuka papa kuanzia ukumbini mpaka jikoni. Minyororo hiyo ilikuja ndani ya gunia pamoja na lori kuukuu la kijeshi alilonunua tajiri mmoja wa Konde. Aliyeliuza alisema neno moja tu: njia ikiwa tope, yavisheni magurudumu. Hakusema magurudumu yapi. Ami Faki, aliyeendesha gari la ng'ombe miaka yote kabla ya kukabidhiwa lori, hakuona haja ya kuuliza.

Mimi nilikuwa na haja yangu. Mwalimu alinichagua peke yangu katika skuli yetu kwenda Wete kufanya mtihani wa kuingia skuli ya juu. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa ningekuwa na haki: hesabu nilizipiga kichwani wakati wenzangu bado wanatafuta kalamu. Mtihani ulikuwa saa mbili asubuhi, siku moja tu, na aliyeikosa siku hiyo hakuwa na nyingine, kwani mwaka wa pili yake umri ungekuwa umempita. Mama alinifulia shati jeupe akalikausha juu ya moshi wa jiko, maana jua hatukuliona siku tatu. Baada ya sala ya alfajiri nikapanda lori, penseli nimeichomeka ndani ya kofia, pamoja na Bi Mize, muuza mikeka, na abiria wengine wachache.

Kabla ya Konde kulikuwa na kilima cha udongo mwekundu. Kikilowa, udongo ule hushika kama ulimbo na huteleza kama bamia. Ami alisimamisha lori chini ya kilima, akatoa minyororo yake inayong'aa kwa sifa, akayavisha magurudumu ya mbele kwa utaratibu wa mtu anayemvisha bwana harusi. Akapanda, akatia moto. Lori likapanda hatua chache, likakwama. Nilikuwa nimeshuka pamoja na abiria, basi nikaona kwa macho yangu: magurudumu ya mbele, na uzuri wake wote, yametulia kimya, ya nyuma yanazunguka bure na kuturushia tope mpaka vifuani.

"Ami," nikasema, "yanayozunguka ni ya nyuma. Minyororo iende nyuma."

Bi Mize akaangua kicheko. "Ehee! Kumbe fundi tunaye, na sisi twamwacha asukume!"

Ami Faki alitoa kichwa dirishani. "Ng'ombe hufungwa nira wapi, wewe? Shingoni au mkiani?"

"Ng'ombe hana mashine, Ami."

"Sikio halipiti kichwa. Sukuma!"

Tukasukuma. Tukakata makuti tukatandika chini ya magurudumu, yakamezwa. Kila baada ya muda Ami alisema, "Sasa hivi linatoka," na mimi, kwa heshima niliyofunzwa, nikaendelea kungoja hiyo sasa hivi. Nilipoinama kuifungua minyororo mwenyewe, alishuka akanivuta sikio mbele ya watu wote, na hakuna hata mmoja aliyenitetea. Hapo ndipo nilipovua viatu nikaanza kwenda kwa miguu. Nilifika Wete adhuhuri, shati jekundu kwa tope. Msimamizi alikuwa akifunga karatasi kwa uzi. "Mwanangu," akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko kofi, "wenzako wameshakwenda kula."

Wazee wetu walituachia methali nyingi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimezipekua zote tangu siku ile, na sijapata hata moja ya mkuu asiyesikia la mdogo, aliyevunja guu la mtu mwingine.

Sikuvunjika. Nilivuka kwenda Tanga, nikaosha vyuma vya watu gereji, nikasoma jioni, na kwa mikono yangu hii nikafika nchi za baridi, ambako nilipata stashahada ya ufundi wa magari. Majira ya theluji ya kwanza, mwalimu alimwaga minyororo sakafuni, akauliza nani anajua kuivisha gari ambalo mashine yake huzungusha magurudumu ya nyuma. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma. Darasa zima lilipiga makofi. Mimi nilikuwa nikisaga meno kwa hasira, maana jibu lile nilikuwa nalo tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Niliporudi nilijenga nyumba ya mawe Gombani, kisha nikaenda Makangale na stashahada yangu ndani ya fremu. Ami Faki alikuwa mzee wa kushika mkongojo. Nikamwambia, "Ami, ilikuwa ya nyuma." Akaupapasa muhuri kwa kidole, akauliza, "Na hapa imeandikwa minyororo?"

"Hapana, Ami. Imeandikwa ufundi wa magari."

"Basi," akasema, akanirudishia.

Nikatamani nimchukue mpaka kilimani, nitie minyororo nyuma, apande, aone. Lakini minyororo alikuwa amemfungia dume lake la ng'ombe, shingoni, na kilima kimetiwa lami. Watoto wa Makangale siku hizi hufika Wete chai yao haijapoa, na nawafurahia kwa dhati. Mimi hukipanda kilima kile kwa gari langu mwenyewe, hata mvua ikinyesha siku tatu, bila kubadili gia. Hakitelezi tena. Hakuna tena tope la kunishuhudia.