Redio Sponji

Jina la Sponji alipewa na wateja, na kwa sura lilimkataa kabisa. Ni mtu mrefu, mkavu, mifupa mitupu, mikono imejaa makovu ya misumari. Lakini kazi yake ni kutengeneza makochi, na kila jioni hutoka karakanani na vipande vya sponji vimemganda nywelani, basi jina likamkaa. Mimi nachonga funguo chumba kinachofuata, ukuta wetu mmoja, na yeye huniita Jirani. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine niliyasikia kupitia ukutani, na yaliyobaki aliniambia mwenyewe baadaye, alipokuwa hana tena mtu mwingine wa kumwambia.

Sponji anasoma. Sisemi anapitisha macho kwenye gazeti lililosahauliwa na mteja. Nasema riwaya, zile nene, za mapenzi, za vita, za ndugu kudhulumiana mirathi. Chini ya meza anayokatia vitambaa, mahali ambapo fundi mwingine angeficha chupa, pana rundo la vitabu limefunikwa kwa mfuko wa saruji. Huvinunua kwa mama mmoja anayetandaza vitabu vya mitumba karibu na stendi. Na kuchagua kwake kuna namna yake. Jalada haangalii. Sifa zilizoandikwa nyuma hasomi. Anafungua katikati, anasoma ukurasa mmoja akiwa amesimama. Kama mtu wa kwenye ukurasa ule ana kitu mkononi, anashona, anamenya, anafunga mzigo, kitabu anakibeba. Kama wahusika wanafikiri tu, anakirudisha polepole, kama anayemrudisha mtoto wa watu kwa mama yake.

"Hawa hawana mikono, Jirani," aliniambia siku moja. "Mtu asiye na mikono utamwamini vipi?"

Akimaliza kusoma anahukumu, na hukumu zake zinanuka gundi. Riwaya moja iliyosifiwa na kila mtu aliitolea maneno mafupi: "Kitambaa safi, ndani sponji imeoza." Nyingine, ambayo mambo yote yalinyooka ghafla kwenye sura ya mwisho, alisema mwandishi wake kapiga misumari mingi mno, ukikaa unachomwa. Na kuna moja aliyoisoma mara mbili mfululizo. Hiyo aliisema kwa unyenyekevu kabisa: "Ukikikalia hiki, hutaki kuinuka."

Lakini si mimi niliyekuwa nikiambiwa hayo. Mimi niliokota makombo tu. Aliyekuwa akiambiwa ni mdogo wake wa kike, wa mwisho kuzaliwa kwao, ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado hajaanza shule, na Sponji ndiye aliyemlea, na njia aliyoijua ya kumnyamazisha mtoto anayelilia mama ilikuwa kumsomea. Alimsomea chochote kilichokuwamo ndani ya nyumba. Kitinda akajua kusoma, wakaanza kugombania kurasa, mmoja huku mwingine huku, na aliyetangulia akatishia kusema mwisho. Ndivyo walivyokua. Kisha Kitinda akasomea uuguzi, akapangiwa kazi mji mwingine, na wakakubaliana kwamba kila kaka yake akimaliza kitabu atamrekodia ujumbe wa sauti, naye atamjibu.

Nilikuwa najua siku ya kumaliza kitabu ikifika. Sponji alikuwa anausindika mlango, anaegesha simu juu ya mkono wa kochi ambalo halijavikwa kitambaa, anakohoa kidogo, halafu anaanza: "Mdogo wangu, hujambo. Leo nimemzika yule nahodha." Nilikuwa nazima mashine yangu ya kuchongea nisimharibie. Sauti yake kwenye zile jumbe haikuwa ile ya kila siku, ile ya "kesho litakuwa tayari, mama". Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa. Na jibu la Kitinda lilipoingia alikuja kunionyesha, anacheka peke yake: *Kaka, umenigusa. Nimelia.* Au: *Kaka, wewe ungekuwa mwandishi.* Kisha moyo mwekundu.

Sasa ikatokea ile riwaya ya nyumba ya wageni. Ni habari za mume na mke wenye nyumba ya wageni pale mpakani. Wakiwa na wageni wanaongea vizuri, wanawauliza safari, wanawauliza watoto. Wao kwa wao wanaongea mashuka tu. Mashuka yamekauka? Mashuka yametosha? Kitabu kizima, kurasa mamia, mashuka. Sponji alikisoma kimya, na siku ya kurekodi alishusha sauti hata mimi upande wa pili sikupata neno. Baadaye nilikuja kujua alichosema, maana nani hakujua?

Alimwambia mdogo wake kwamba alipofika katikati alikifunga kile kitabu, akaona haya. Kwamba yeye na mke wake wanaongea gesi imeisha, funguo ziko wapi, watoto wamepiga simu kutoka shule. Kwamba mke wake ni mtu mwema na hana kosa la kumtajia. "Lakini nimekaa naye, mdogo wangu, kama mgeni aliyelipia chumba. Simsumbui, hanisumbui. Asubuhi tunasalimiana." Halafu akasema hilo hajapata kumwambia mtu, na hajui kama atapata kumwambia tena.

Kitinda akajibu: *Kaka, umenigusa sana.* Na moyo.

Ukapita muda. Siku moja, mchana kweupe, akaja shemeji yake Sponji, kaka wa mkewe, dereva wa lori, mtu wa mizaha na sauti ya honi. Alikuwa amefuata viti vyake. Mimi nilikuwa pale, nimekwenda kuazima bisibisi.

"Bwana Mgeni!" akapaza sauti toka mlangoni. "Hujambo? Chumba umeshalipia mwezi huu?"

Sponji akatabasamu kama mtu asiyeuelewa mzaha lakini hataki kuuharibu. "Chumba gani tena, shemeji?"

"Acha bwana. Mgeni aliyelipia chumba! Simsumbui, hanisumbui!" Akaiga, na aliiga vizuri, mpaka ile pumzi Sponji anayovuta kabla ya neno zito. "Nilivunjika mbavu, wallahi. Nilikuwa naendesha, nikalazimika kusimamisha gari."

Nilimwona Sponji akiiweka nyundo chini. Hakuiangusha. Aliilaza mezani kwa uangalifu, kama kitu cha kioo.

"Umeyasikia wapi hayo?"

Shemeji naye akashtuka. Kumbe alidhani Sponji mwenyewe anajua. "Si kwenye Redio Sponji? Kundi letu la simu. Mdogo wako si ndiye anarusha? Shangazi yenu yumo, wadogo zangu wamo, hata mama yangu yumo. Kila ukimaliza kitabu tunakusikia. Wallahi, mimi sijasoma kitabu tangu shule, lakini vyako vyote navijua." Akatoa simu yake, akabonyeza, na chumba chote kikajaa sauti ya Sponji, ile ya mtu aliyekaa: *Mdogo wangu, hujambo…*

"Zima."

Akazima.

"Na dada yako? Yumo?"

Shemeji akakuna kichwa. "Yumo. Lakini yeye hajawahi kuandika kitu."

Alibeba viti vyake na kuondoka bila mzaha mwingine. Mimi nilitaka kutoka, Sponji akasema, "Kaa, Jirani," kwa hiyo nikakaa. Akampigia mdogo wake. Mikono ilikuwa na gundi, akaweka simu mezani ikaongea kwa sauti, nami nikasikia kila kitu, hata kelele za kitoroli cha dawa kikipita wodini.

"Kaka! Mbona unapiga saa hizi, kuna usalama?"

"Redio Sponji ni nini?"

Kitoroli kikapita. Kikapita kingine.

"Kaka, nisikilize. Ilianza kwa mzaha. Kile kitabu cha yule mwizi wa mbuzi, unakumbuka ulivyokisimulia? Nikampelekea shangazi acheke. Shangazi akaomba kingine. Wakaja wengine, nikafungua kundi. Watu wanakupenda, Kaka. Shangazi anaumwa miguu, anakusubiri wewe tu."

"Sikuulizi shangazi. Nakuuliza ile ya nyumba ya wageni. Uliisikia ukairusha?"

Nikasikia mlango ukifungwa, kelele za wodi zikapungua.

"Kitinda."

"Sikuisikiliza yote," akasema. "Niliirusha tu. Nilidhani ni kama zile nyingine."

"Hukuisikiliza yote. Uliishia wapi?"

"Kaka…"

"Uliishia wapi, mdogo wangu?"

"Kaka, kazi ni nyingi. Nina zamu, nina watoto. Na wewe unarekodi ndefu. Siku hizi nasikia mwanzo kidogo, narusha, nakujibu. Nilidhani nikikujibu utafurahi."

"Tangu lini?"

Kitinda akaanza kulia, na Sponji akamwambia arudi kwa wagonjwa wake, akakata.

Nimemwona Sponji akidhulumiwa na wateja, nimemwona akiibiwa vitambaa, hakuwa hivi. Alikaa kwenye fremu ya kochi isiyo na springi, magoti juu, akafungua simu na kuanza kupandisha majibu ya mdogo wake. Umenigusa. Nimelia. Umenigusa. Akaniuliza, "Jirani, kumbe nilikuwa namwambia nani?" Ule umbea wa kundi ulimchoma, sawa, mtu yeyote angechomeka. Lakini aliniambia baadaye kwamba umbea angeumeza. Kilichokataa kushuka ni kwamba kwa muda wote ule amevishwa kilemba cha ukoka na mtoto aliyemfundisha kusoma. Walimsikiliza watu ambao hakuwaita, na yule mmoja aliyemwita hakuwepo.

Akaenda nyumbani jua bado liko juu. Mkewe anauza katika duka la dawa, siku hiyo alikuwa na mapumziko, akamkuta jikoni anaosha vyombo. Hakumsalimu.

"Umo kwenye lile kundi," akasema.

Mkewe hakugeuka. "Nimo."

"Uliisikia."

"Niliisikia nikiwa kaunta, namhesabia mteja vidonge. Nikamwomba anisubiri, nikaingia stoo."

"Ukakaa kimya. Ukanipakulia chakula siku ile kama hujui kitu. Na siku iliyofuata. Ukawa unanisikiliza pamoja na kaka yako na mama yako, mnanicheka."

Hapo mkewe alifunga bomba, akageuka, mikono inachuruzika maji. "Mimi sijacheka hata siku moja. Ulitaka niseme nini, baba watoto? Nikwambie nimesikia umechoka kuishi na mimi? Nilisubiri uniambie mwenyewe. Nikasema, kama ameweza kumwambia dada yake, kesho ataniambia na mimi. Hukuniambia. Ukaniuliza gesi."

"Sikusema nimechoka."

"Ulisema nini basi? Ulisema kwa maneno mazuri, hilo ndilo lililoniua. Ile sauti mimi sijawahi kuisikia humu ndani. Zile jumbe zako nilikuwa nazisikiliza zote, mpaka mwisho, hata za vitabu vya vita nisivyovielewa, kwa sababu ndiko nilikokuwa nakupata."

Sponji aliniambia kwamba hapo alitaka kukasirika na hasira ikamkatalia. Alikuwa ameingia na kesi yake mkononi, kumbe mwenzake naye ana kesi, na ina uzito kuliko ya kwake. Wakasimama, sufuria katikati. Hakuna aliyeomba radhi siku ile.

Kundi lilifungwa. Shangazi alipiga simu kuulizia kwa nini redio imezimika, akajibiwa kwamba mtambo umeharibika. Kitinda alipopata likizo alikuja mwenyewe karakanani, amebeba riwaya mpya, mpya kabisa, bado inanuka wino. Alikaa juu ya rundo la vitambaa akalia, akamwomba msamaha kaka yake kama mtoto. Sponji akamfuta machozi kwa kiganja, akasema, "Yameisha, mdogo wangu." Akakipokea kitabu. Akamsindikiza mpaka kituoni na kumbebea mkoba. Lakini ujumbe wa sauti hakumtumia tena. Siku hizi humwandikia tu: *Hatujambo. Watoto wazima. Mvua imeanza.* Kitinda amejaribu kuuliza, Kaka, unasoma nini sasa hivi? Jibu humfika: *Kitabu.*

Maana kusoma hakuacha. Rundo bado lipo chini ya meza. Ila akimaliza hausindiki mlango. Anakiweka kitabu pembeni, anachukua nyundo. Nikimuuliza, vipi hicho? ananiambia "Kizuri" au "Kibaya", basi. Nimebaki na mashine yangu inayopiga kelele siku nzima, hakuna sababu ya kuizima.

Cha ajabu ni mkewe. Alikichukua kile kitabu cha nyumba ya wageni, akawa anakisoma dukani wateja wakipungua, ukurasa kwa ukurasa, mtu ambaye hakuwa msomaji. Alipokimaliza alikuja karakanani nacho, mbele yangu, akakiweka juu ya kochi la mteja.

"Umekisoma vibaya," akamwambia mumewe. "Yule mke hakuwa kimya. Anaongea tangu sura ya tatu. Wewe uliziruka kurasa zake."

"Sikuruka hata moja!"

"Basi ulizisoma ukitafuta habari zako mwenyewe."

Wakabishana. Wakabishana mpaka mteja akaja akasubiri mlangoni, akapata aibu, akaondoka. Nami nikafurahi moyoni, nikaona haya sasa yamekwisha, wamepata cha kuongea. Mkewe alipoondoka nikamwambia hivyo.

Sponji alikuwa ananyoosha kitambaa kwenye kona ya kochi, kazi inayotaka vidole vyenye subira. Hakuinua kichwa.

"Tunaongea, Jirani, kweli. Ananiuliza namjibu, na akili yake ni nzuri, sikujua." Akavuta kitambaa, akakishika kwa dole gumba, akapigilia msumari. "Lakini kila nikitaka kumjibu, naangalia kwanza simu yake iko wapi."