Koa wa Mzee Lyamba

"Mama Ambrosi, usimfundishe yule mzee kusoma," Marsela, jirani yangu, aliniambia tukiwa bombani Majengo. "Ana koa wa rangi rangi, hafi kwa chumvi. Kamtoa Tanga kwenye kibuyu. Wewe huoni tumbaku yake haiguswi na wadudu?"

Mwaka ule, 1974, nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima kwa kuwa nilimaliza darasa la saba. Mzee Lyamba ndiye alikuwa mkubwa kwa umri kati ya wanafunzi wangu. Alikata mkonge Tanga miaka kumi na minne, akarudi na kikohozi. Herufi ikimshinda alijicheka mwenyewe, akaifuta kwa kiganja, akaanza upya.

Jioni ile nilimtaka atoe neno lenye "ko". Akasema, "Koa."

Darasa likacheka, maana uvumi ulishafika. Nami badala ya kuwanyamazisha nikamuuliza kama ni yule wa kwenye kibuyu.

"Sina kibuyu, mwalimu. Nilimwona tu. Jumapili tulikuwa tunashuka pwani, maji yakitoka mwamba unabaki wazi. Yuko kwenye vidimbwi pale, mdogo kama kidole. Mweusi, ana mistari ya samawati, pembeni kama kazungushiwa utepe wa rangi ya chungwa. Gamba hana. Mgongoni kama kaota ua. Ukimgusa, analificha ndani."

"Na maji yale ni ya chumvi?"

"Chumvi tupu."

Nilichofanya hapo, hata leo nikikikumbuka nainamisha uso. Nilitoka nje nikaokota koa mgombani, nikamweka mezani, nikamnyunyizia chumvi ya Uvinza niliyotoka nayo sokoni. Akajikunja, akatoa povu.

"Sasa wa kwako anaishije, mzee?"

Walicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni mwangu. Mzee Lyamba alikunja daftari, akalitia mfukoni, akatuaga vizuri. Hakuja tena.

Wiki ya tatu alipita kwangu bwana shamba mgeni, mzaliwa wa Pangani. Nikampa chai na kile kisa, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Wapo, dada. Utotoni tulikuwa tunawafuata mwambani. Yule chumvi ndiyo nyumba yake. Mmwagie maji ya mvua ndiyo atakufa."

Chai yangu sikuimaliza.

Kesho yake nilimbeba mtoto nikaenda. Mzee Lyamba alikuwa anatunga majani ya tumbaku kwenye kamba. Nilipiga goti kumwamkia, nikamweleza yote, nikasema nimekosa. Alitunga majani matatu, manne, hanitazami.

"Umesema vizuri, mwanangu. Lakini hapa tuko mimi na wewe na kuku. Kicheko kile kilikuwa mbele ya watu."

"Nifanye nini, baba?"

"Jumatatu nakuja. Nikishakaa, kabla hujashika chaki, uwaambie wale wale kwamba koa yule yupo. Wakisikia kwangu watacheka tena. Uwaambie wewe."