Wakwe Zangu Kwenye Mafunzo ya Kusikiliza

Kuna aibu ukishaipata unahama mtaa, na kuna nyingine hata kuhama haisaidii kwa sababu imekupata ukweni, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa mtu mwingine, maana nasikia sokoni Mwanjelwa imeshafika na wameitia chumvi, eti niliruka dirishani, jambo ambalo si kweli (dirisha lilikuwa na nondo).

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni mshauri nasaha hapa Mbeya, watu wananiletea ndoa zao, misiba yao, watoto waliowashinda, mimi nakaa nasikiliza. Sasa kazi yetu hii huwezi kusoma mara moja ukadhani umemaliza, kila baada ya muda lazima urudi darasani ukajinoe, upewe cheti, na bila cheti hicho hawakuhuishii kibali. Kibali changu kilikuwa kinaelekea ukingoni. Mafunzo yakapangwa Ilula, kwenye kituo kimoja kando ya barabara kuu, mada yenyewe ni stadi za kusikiliza, na Ilula, kwa wale msiojua, ndiko alikozaliwa mke wangu, Mama Tumaini.

"Ukishuka tu, kabla ya yote, pita kwa mama usalimie," Mama Tumaini aliniambia asubuhi ya safari.

"Sawa mama, nakusikia," nikajibu huku natafuta soksi.

Sikupita. Huo ndio uamuzi wenyewe mdogo, yaliyobaki yote yalizaliwa hapo. Wala sikuwa na dharau, ila kwa wale wazee wa Kihehe hakuna kusalimia ukaondoka, mkwe ukiingia kuku anakamatwa, majirani wanaitwa, baba mdogo wa mke wangu anaanza habari za tangu enzi za babu, na kesho yake darasani unasinzia. Halafu nilikuwa nimebeba mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu na ulikuwa bado mbichi. Nikajiambia, nitauacha uivie chumbani kituoni, nitapita nao siku ya mwisho, nitaonekana mkwe wa maana. Nikauegemeza nyuma ya mlango, nikaenda kunywa chai.

Siku ya kwanza ilianza vizuri. Mwezeshaji wetu alikuwa mama mmoja anaitwa Madamu Rehema, mpole lakini hana mchezo, ameingia na kikapu, simu zote ndani, mtazikuta jioni. Ikabaki simu moja tu kwa kila watu wawili, ya kurekodia, kwa sababu mchana tulitakiwa kufanya igizo, mmoja awe mteja na mwingine mshauri, mkimaliza mjisikilize na kujisahihisha. Mimi nikapangwa na Dada Upendo, muuguzi kutoka Iringa mjini, yeye mshauri, mimi mteja.

"Sheria ni moja," Madamu Rehema akasema. "Ukishaingia kwenye uhusika, hutoki mpaka kengele ilie."

Sasa fikiria ukumbi mzima watu wanalia wawili wawili, huku mjane, kule mlevi, nyuma mtu kafukuzwa kazi, hamsikilizani. Nikamwambia Dada Upendo tutoke nje. Tukakaa chini ya ukuta wa maua, ule wa michongoma unaotenganisha kituo na barabara, mimi nimeupa mgongo. Nyuma ya michongoma hiyo wauza nyanya huwa wanapumzika wakisubiri mabasi. Nilijua? Nilijua. Niliwaza? Sikuwaza.

Na mimi nikipewa kitu cha kuigiza, jamani, naigiza. Mafunzo yaliyopita waliniambia naigiza baridi, nikaapa safari hii lazima mtu atoe leso. Nikawa bwana fulani mwenye nyumba ndogo Uyole, kule kwetu Mbeya, na mtoto nje ya ndoa, nikalia, nikajipiga kifua, nikasema, "Mke wangu hajui, na akijua Tumaini wangu atalelewa na nani?" (Jina la mtoto lilinitoka lenyewe, nilitakiwa kusema la kubuni.) Dada Upendo naye hodari, anauliza swali juu ya swali, mpaka habari za kubuni zikaniishia, nikaanza kuchota zilizokuwa karibu ili kengele inikute bado nina la kusema. Ilipolia tukacheka, tukaingia kula. Madamu Rehema, aliyekuwa amepita karibu akasikia kile kilio, akasema kwa igizo lile amesisimka.

Upande wa pili wa michongoma alikuwa amekaa Shangazi Getruda. Ni shangazi yake Mama Tumaini, dada wa marehemu baba mkwe wangu, anauza nyanya pale barabarani kila siku ya Mungu, na sauti yangu anaijua kwa sababu mimi ndiye niliyeimba kwenye harusi yangu mwenyewe. Amefika wakati nimeshaanza, hakusikia tukitangaza igizo wala hakungoja kengele, amesikia mkwe wao, ambaye hata nyumbani hajafika kusalimia, analia kwa mwanamke habari za mtoto wa Uyole. Tenga la nyanya aliliacha hapo hapo.

Jioni nikarudishiwa simu. Nikakuta Mama Tumaini amepiga sana, nikampigia, lakini kwenye bwalo kulikuwa na mechi kwenye televisheni, na mnajua mambo ya dakika za mwisho.

"Shangazi kanipigia," alisema, "nimeshapanda basi, niko njiani, nakuja huko huko Ilula."

"Sawa sawa, nakusikia," nikasema.

"Umenisikia nimesema nini?"

"Nimekusikia mama, na wewe ulale salama."

Akakata. Mimi nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Kesho yake asubuhi tuko darasani kwenye viti vya duara, mlinzi akaingia akasema kuna familia nje. Hapa inabidi mjue jambo moja, kwamba mchana wa siku hiyo tulikuwa tunangojea wanakijiji waliojitolea kuja kuigiza familia yenye ugomvi ili tufanye mazoezi ya kupatanisha. Madamu Rehema akatazama saa, akasema, "Afadhali wamewahi, waingie."

Wakaingia. Mbele Baba Mdogo na fimbo yake, akafuata mama mkwe kajitanda kitenge mpaka kwenye nyusi, Shangazi Getruda, na nyuma yao mke wangu wa ndoa, macho mekundu. Ee Kyala, Mungu wangu! Nilifikiri nina malaria.

"Kamwene," Baba Mdogo akasalimia.

"Kamwene, karibuni sana, tulikuwa tunawasubiri," akasema Madamu Rehema, akawapangia viti katikati ya duara. Baba Mdogo akageuka akamwangalia Shangazi, kama kuuliza hawa wametujuaje. Kisha Madamu akanigeukia mimi. "Baba Tumaini, jana ulikuwa mteja, leo utakuwa mshauri. Njoo uwasikilize."

"Madamu," nikasema, "hawa ni wakwe zangu."

"Vizuri, umeshaingia kwenye uhusika. Endelea."

"Wakwe zangu kweli, Madamu. Wa kweli kabisa."

"Usitoke, Baba Tumaini. Kengele bado."

Wenzangu wakatoa kalamu. Nikakaa, magoti yangu yanakaribia kugusana na ya mama mkwe, mtu ambaye tangu nimeoa naongea naye nimeangalia chini, na yeye akageuza kiti akanipa ubavu. Mwenzangu mmoja wa Njombe akanong'ona kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyo mama anaigiza vizuri, angalia alivyogeuka."

Nikafanya nilichofundishwa, kwa sababu nisipofanya nifanye nini. Nikasema, "Karibuni. Tuambieni kilichowaleta."

"Kilichotuleta unakijua," akasema Shangazi Getruda. "Una mtoto Uyole. Nimekusikia kwa masikio yangu haya."

"Unahisi umeumizwa," nikasema. (Ndivyo kitabu kinavyosema, jamani.)

"Mimi nimeumizwa? Kaumizwa mtoto wetu huyu hapa! Kalala kwenye basi!"

Baba Mdogo akagonga fimbo chini. Akasema wao hawakuja kugombana, wamekuja kumchukua mtoto wao, na mjukuu atafuata shule zikifungwa, kwamba mkwe anayepita barabarani bila kusalimia ameshajitoa mwenyewe. Aliongea taratibu, bila hasira, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu, kwa sababu Mhehe akifoka mtaelewana, akitulia hivyo ameshaamua. Nikamtazama Mama Tumaini. Hakunitazama. Alikuwa anakunjua na kukunja tiketi ya basi, na mimi nikaona kabisa narudi Mbeya peke yangu, nafungua mlango, nyumba kimya.

Nikasimama. Nikasahau uhusika, nikasahau na cheti. "Mama Tumaini, lilikuwa igizo! Naapa, ilikuwa darasa! Dada Upendo, waambie!"

Dada Upendo uso ulikuwa umemshuka, nadhani ni yeye peke yake aliyekuwa ameanza kuelewa. "Madamu," akasema, "hawa kweli ni wakwe zake. Na igizo ninalo kwenye simu."

Madamu Rehema akavua miwani. Akaomba radhi kwa wazee kwa heshima zote, akasema kama wazee wakipenda wengine watatoka nje, na Baba Mdogo akakataa, akasema kwa kuwa mkwe ameshutumiwa mbele ya watu, kama ni safi atakaswe mbele ya watu pia. Basi simu ikawekwa kwenye kipaza sauti.

Ikaanza na Dada Upendo: "Haya, igizo linaanza, wewe ni Bwana Shukuru, muuza mchele." Ikaja sauti yangu, nalia, mtoto wa Uyole, kifua kinapigwa. Shangazi Getruda mkono mdomoni. "Kumbe Shukuru!" akasema. Mama mkwe mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka ndani ya kitenge. Hata Baba Mdogo akalegeza fimbo. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, nimepona, na nikamnyooshea Dada Upendo mkono kwamba inatosha, zima, tumeshasikia.

"Acha iendelee," akasema Mama Tumaini. Ndilo neno lake la kwanza tangu aingie.

Ikaendelea. Dada Upendo akauliza, "Na nyumbani, wewe na mkeo mnazungumzaje?" Nami nikasikia sauti yangu, safari hii haikuwa na kilio hata kidogo, ya mtu anayesimulia kitu anachokijua vizuri. "Kusema ukweli, mimi watu wananimaliza masikio kutwa nzima. Nikifika nyumbani mke wangu akiongea namjibu nakusikia, nakusikia, lakini sisikii kitu. Huwa namrudishia maneno yake ya mwisho tu ili ajue nipo. Wakati mwingine naangalia mpira. Nadhani hajawahi kugundua."

Muuza mchele gani watu wanamaliza masikio yake kutwa nzima? Ukumbini hakukuwa na mtu asiyejua anayeongea ni nani. Niliona aibu, ndiyo, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa sababu Mama Tumaini hakukasirika. Alikunja tiketi akaiweka kwenye pochi, akajiweka sawa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, uso wa upole, mkao ule ule ninaoutumia mimi ofisini.

"Baba Tumaini," akasema, "nikikusikia vizuri, unasema kwamba mimi nikiongea, wewe unaniitikia tu, na akili yako haipo. Na unadhani sikugundua. Nimekuelewa sawasawa?"

Nikasema, "Umenielewa."

"Jana nilikuambia niko kwenye basi."

Yule wa Njombe alikuwa ameacha kuandika.

Wazee waliondoka na mke wangu, na mimi jioni nikaenda ukweni na mkungu wangu, ambao kwa joto la chumba kile ulikuwa umeiva umepitiliza, unanukia barabara nzima. Baba Mdogo alinitoza faini ya jogoo kwa kutosalimia, na akanihadithia yale ya enzi za babu kuanzia mwanzo, na nawaambieni nilisikiliza neno kwa neno, kwa sababu Mama Tumaini alikuwa amekaa pembeni yangu na kila baada ya muda ananiuliza polepole, "Kasema nini?" Mafunzo yalipoisha tukarudi wote Mbeya, Mama Tumaini akasema hajanisamehe, anarudi kwa sababu ya mtoto na kwa sababu nimejitahidi kwa Baba Mdogo.

Siku hizi nimeapa mambo mawili. Kwanza, nikisafiri kwenda Ilula, ukweni ndiko nashukia kwanza, hata kama nimeitwa na rais. Pili, wakinipa tena igizo nitaigiza bubu. Cheti nilipewa, kibali nikahuishiwa, na cheti chenyewe sikukitundika mimi. Alikitundika Mama Tumaini, sebuleni, juu kidogo ya televisheni, kimeandikwa kwamba mwenye jina hili amehitimu stadi za kusikiliza. Mpira ukinoga na yeye anaongea, nami ulimi ukateleza nikasema nakusikia, hagombani wala hanyanyui sauti. Ananyoosha kidole ukutani, anangoja mpaka nizime.