Mtori Niliowamwagia Kuku

Wapendwa, bado naona aibu. Mimi ni fundi cherehani hapa mtaa wa Pasua, chini ya mlima, na siku hizi siweki kitu mdomoni kabla ya saa sita mchana, ili nitoshee gauni langu la harusi. Shoga yangu wa dukani aliniambia, "Utapungua akili kabla ya kiuno." Nikamcheka.

Jumamosi mchumba wangu Baraka alinipandisha mlimani kwa mama yake. Njiani akanionya, "Harusi usiitaje. Akupende kwanza, ndipo nimwambie."

Tulifika asubuhi. Baada ya shikamoo, mama akaleta bakuli la mtori, ndizi na nyama zinafuka moshi. Akaonja kwanza mbele yangu, kama desturi ya huku, nijue hauna sumu. Nikaangalia simu: saa tatu. Tumbo linanguruma! Alipofuata chumvi jikoni, nikaumwaga mgombani kupitia dirisha. Baraka akaziba macho.

"Umeshamaliza? Huyu ndiye mgeni!" mama akafurahi.

Mara jogoo akaingia mbio na pande la nyama mdomoni, kuku wanamkimbiza hadi miguuni kwangu.

Mama akatazama dirisha, kisha bakuli. "Nimeonja mbele yako, mwanangu. Bado unaniona mchawi?"

Nikapiga magoti. "Hapana, mama! Nafunga tu, nitoshee gauni la harusi!"

"Harusi ya nani?"

Nikamgeukia Baraka. Alikuwa ameshatoka nje, anafukuza kuku.