Mwenyeji na Mgeni wa Kwenye Matete

Nikiwa na miaka tisa au kumi, zamani zile za Mwingereza, nilikuwa na sifa moja tu nyumbani kwetu Dongobesh: masikio. Sura sikuwa nayo, na kusoma Kurani kulinishinda, lakini Bibi, mama yake baba, aliwaambia wageni kwamba Zena anasikia kuliko mbwa. Nilivimba kichwa kwa sifa ile.

Baba alikuwa na duka, na Bibi alisuka majamvi ya matete ya kulalia na ya kuzungushia vihenge vya mahindi. Matete tuliyakata kwenye kinamasi chini ya kijiji, na huko kulikuwa na sharti. Wakati wa masika palikuwa na ndege wa aina mbili wanaofanana mno: wadogo, rangi ya udongo uliolowa, koo jeupe. Mmoja Bibi alimwita mwenyeji. Huyu hukaa mwaka mzima na hutundika kiota chake kati ya mabua matatu au manne. Wa pili ni mgeni. Huja na mvua, huondoka zinapokwisha, wala hajengi. Alipo mgeni, kata. Alipo mwenyeji, acha, maana anayekata kiota cha mwenyeji amemkata na mtoto mchanga wa nyumba yake. Bibi aliswali swala zote tano, lakini jambo hili hakumpelekea shehe yeyote.

Mwenyeji huimba taratibu, neno moja analirudia mara tatu ndipo aende kwa jingine. Mgeni ana haraka, tena ni mwizi wa sauti: huiga mbayuwayu, huiga chiriku, huiga hata mwenyeji mwenyewe, vyote kwa pumzi moja. Ukibahatika kumwona, tazama bawa. La mgeni ni refu, kwa sababu ana safari. La mwenyeji ni fupi.

Mwaka mama alipomzaa mdogo wangu Idi, baba alioa mke wa pili, Salma, kutoka Kondoa. Nilimwita mama mdogo. Labda alikuwa na miaka kumi na minane, mcheshi, na nilimpenda kupita kiasi. Bibi alimshuku kila mtu, kuanzia wateja wa sukari hadi jogoo wa jirani, lakini huyu alimshuku kwa namna ya peke yake. Akicheka, Bibi aliuliza anacheka nini. Akinyamaza, aliuliza anawaza nini. Akimpakata Idi, Bibi alisimama mlangoni mpaka mtoto arudishwe kwa mama.

"Mambo ya ndege asiyajue," Bibi alinionya. "Yeye akate ninapomwonyesha, basi. Mwanamke asiye na mtoto akijua kitu kama kile, atakitumia."

Nikamwambia mama mdogo. Tukienda kuchota maji nilimfundisha yote, wimbo na bawa, kwa kuwa nilitaka anione mjuzi. Alijifunza upesi.

Siku ya kosa nilikuwa peke yangu na mundu. Karibu na maji yalisimama matete marefu kuliko yote, na ndani yake ndege aliimba taratibu, neno mara tatu, neno mara tatu. Nilijua. Lakini niliyatamani matete yale, na nilizitamani sifa za Bibi, nikajisemea kwamba huyu ni mgeni anamwiga mwenyeji. Nikasikiliza tena, nikajisemea vilevile. Nikakata. Mabua yalipolala, kiota kilikuwa katikati, na mayai matatu, moja limepasuka. Ndege alitua mbele yangu, bawa lake fupi. Kukitupa kiota majini sikuthubutu, na kukiacha pale niliogopa kitaonwa, nikakichomeka ndani kabisa ya mzigo na kuufunga. Nyumbani niliuweka kwenye rundo moja na mizigo aliyokata mama mdogo.

Kesho yake Idi alichemka homa. Siku ya pili akakataa ziwa. Wengine walitafuta dawa, Bibi alitafuta matete. Alifungua mizigo yote uani mpaka akakipata kiota, kisha akatuita.

"Asiyejua angekitupa tu," alisema. "Huyu amekificha. Kwa hiyo aliyekata anawajua ndege. Nyumba hii wanaowajua ni mimi na Zena. Au yupo wa tatu?"

Akatushusha bondeni sote, baba, mama na mtoto wake mgongoni, mama mdogo, mimi. Tulisubiri. Hatimaye ndege mmoja alipanda juu ya bua akaanza kuimba.

"Haya, Salma. Huyo ni yupi?"

Mama mdogo aligeuka. Alinitazama. Nilikuwa nimeng'ang'ania kanga ya mama, na nadhani uso wangu ulisema kila kitu.

"Ni mwenyeji, mama," alisema. "Mgeni angekuwa ameshabadilisha wimbo. Na bawa lake lile, fupi."

"Nani kakufundisha?"

"Nimesikiliza mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata baba alimpandisha lori la kwenda Babati, afike kwao Kondoa atakavyofika. Idi alipelekwa zahanati, akanyweshwa dawa, na baada ya siku tatu akanyonya. Bibi alisema amepona kwa sababu yule kaondoka, na talaka ikafuata.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia mama mdogo. Niliona alijibu kwa majivuno, wakati neno moja tu, sijui, lingemwokoa. Zaidi ya hapo, na naona aibu kuandika haya, nilianza kumshuku: huenda kweli alikuwa na la kwake moyoni. Mimi niliyekishika kile kiota kwa mkono wangu nilimshuku yeye. Damu ya Bibi hiyo.

Hesabu yenyewe niliifanya nikiwa mtu mzima, siku binti yangu wa miaka tisa alipovunja chungu na kunitazama kwa uso ule ule. Wanaojua ni wawili, au watatu. Mama mdogo angesema hajui, tungebaki wawili, na Bibi asingejishuku mwenyewe. Maneno yale ya Bibi mama mdogo aliyasikia kama sisi sote. Aliyapima akinitazama, kisha akajibu sawasawa, kama nilivyomfundisha.

Bibi alikufa akiyasifu masikio yangu. Idi ana wajukuu sasa, naye hajui kitu. Kila masika nikipita penye matete bado nasimama, na bado nawatofautisha bila kuwaona. Kuna siku moja tu niliyotakiwa kufungua mdomo, nami nikashika kanga ya mama.