Matumbo Kwenye Karo la Kufulia

Nguo za kwanza nilizofua Nairobi zilitoka majini zikiwa chafu kuliko nilivyoziingiza. Nilidhani kosa ni langu, maana nilikuwa mgeni, wiki ya pili tangu nivuke mpaka pale Namanga nikiwa na mume mpya na mabegi mawili. Nilisuuza mara tatu. Mara ya tatu niliinua shati jeupe la mume wangu kwenye mwanga nikaona utando wa mafuta kwapani, wa kijivu, kama ule unaoganda juu ya supu iliyolala.

Mume wangu ni Mkamba, karani katika mahakama za Makadara. Tulikutana kwetu Morogoro, alipokuja na kwaya ya kanisa lao. Kazi ilimtaka avae shati jeupe kila siku, na mimi nililelewa na mama ambaye humpima mtu kwa kola yake. Kwetu tulifulia nyuma ya nyumba, kwa maji ya mlimani, baridi, yasiyo na harufu yoyote. Mama aliponiaga alinifungia mashuka sita meupe aliyoyadarizi mwenyewe pembeni, pamoja na foronya zake, akaniambia kwamba ugenini watu watanijua kwa kamba yangu ya nguo.

Tulipanga Dandora, ghorofa ya tatu. Maji yalikuja Jumanne na Ijumaa, kuanzia alfajiri hadi kama saa nne, na bomba lenye nguvu lilikuwa moja tu, uani, juu ya karo la saruji. Wote tulifulia hapo. Kamba zilikuwa juu ya paa, na upepo ukitoka upande wa dampo, moshi wa takataka ulikuja ukatua juu ya nguo mbichi. Nilianua mashuka ya mama yakiwa na vidoa vyeusi ambavyo ukivigusa vinasambaa. Hilo nilijikaza kulizoea. Majirani walikung'uta nguo zao, wakavaa, wakaenda kazini.

Lililonishinda ni la kwenye karo. Katika chumba kilichotazamana nalo alikaa mama mmoja wa makamo, mjane kutoka Murang'a, aliyeuza mutura jioni kando ya barabara. Utumbo wa ng'ombe hujazwa nyama na damu, ukachemshwa, kisha ukachomwa juu ya makaa. Hiyo ndiyo mutura. Watu walipanga foleni kwake. Lakini utumbo sharti uoshwe, na yeye naye hakuwa na siku nyingine ya maji ila hizo hizo zetu.

Siku niliyomkuta kazini nilisimama ngazini na ndoo yangu nikashindwa kushuka. Aliuvisha utumbo kwenye mdomo wa bomba, ukajaa maji, akaubinya kwa vidole viwili kutoka juu hadi chini, na mavi ya kijani yakaruka karoni. Kisha aliugeuza ndani nje kwa kijiti, akakwangua ute kwa kisu kibutu, akaupangusa ute huo ukingoni mwa karo, mahali nilipozoea kuweka kola na kuzisugua. Alipomaliza alimwaga ndoo moja ya maji, akaniambia kwa upole, "Karibu, Mtanzania. Nimekuachia nafasi."

Tangu siku hiyo sikula vizuri. Nilisugua karo kwa brashi na sabuni kabla ya kufua, na bado mikono yangu ilinuka shombo hadi jioni. Nilikuwa nikinusa mto kabla ya kulala, nikinusa chupi kabla ya kuvaa. Mume wangu alisema nazidisha. Kisha siku moja alirudi kutoka mahakamani akavua shati bila kusalimia. Aliniambia kwamba karani mwenzake alikuwa amehamisha kiti chake hadi dirishani, na alipomuuliza sababu, yule alijibu kwamba kuna kitu kimeoza mezani kwao. Walitafuta kwenye droo. Mume wangu ndiye aliyegundua kwamba ni yeye.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nikikunja foronya nikahisi kitu kigumu kwenye pindo. Nikaligeuza. Kilikuwa kipande cha utumbo, urefu wa kidole, kimekauka na kugandana na uzi wa mama. Nilikuwa nimeilalia foronya ile siku tatu kabla ya kuifua, na sikujua kilikuwemo tangu lini. Nilitapika kwenye ndoo ya nguo safi.

Nilimpelekea yule mama wa mutura kile kipande kwenye kiganja. Alikitazama, akakichukua, akakitupa nje ya mlango kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Hakukasirika. Aliniambia kwamba amefanya kazi hiyo kabla ya jengo lile kuwa na paa, na kwamba amelikuta karo hilo likioshewa hata nepi za watoto, na hakuna aliyekufa.

"Sasa unataka nioshee hii kitu wapi?" aliuliza. "Kwa kitanda yangu?"

Nilipanda ngazi na swali hilo, nalo ndilo lililoniharibu. Jumanne niliamka kabla ya adhana ya kwanza. Beseni lake la matumbo lilikuwa karoni, limefunikwa sinia, naye ameingia ndani kuwasha jiko. Nilikuwa na chupa ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Nikafunua sinia, nikamimina nusu chupa, nikafunika. Nikapanda ngazi na nguo zangu bila kufua. Nakumbuka nilifurahi. Nilijiambia atanusa, atayamwaga, atajua kinyaa ni nini.

Lakini hakuyamwaga. Saa tisa alasiri nilisikia kisu chake juu ya ubao, kile kishindo chake cha haraka cha kukatakata nyama ya kujazia. Nilichungulia dirishani. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, na matumbo yamelala pembeni, meupe kuliko siku zote. Nilifikiria wale watu wa foleni, wajenzi na wanafunzi wa jioni. Nilishuka pekupeku.

"Mama, usiyapike hayo," nilisema. "Niliyatia dawa ya nguo. Mimi."

Aliweka kisu chini. Alichukua utumbo mmoja, akausogeza puani, akavuta pumzi ndefu, kisha akatikisa kichwa.

"Mimi sisikii harufu," alisema. "Pua yangu ilikufa miaka mingi. Sijui ni moshi, sijui ni hii kazi. Hata yakioza, mimi naangalia tu rangi."

Kinyaa nilichokuwa nacho juu yake kilinigeukia mwenyewe. Nilikuwa nimeweka sumu kwenye chakula cha mwanamke asiyeweza kuinusa. Niliomba radhi, nikabeba beseni pamoja naye hadi shimo la taka, tukamwaga. Mbwa walikuja, wakanusa, wakaondoka. Jioni ile hakukuwa na moto mahali pake, na watu walipomuuliza alisema tu kwamba nyama ilimharibikia. Hakunitaja, hata kwa mume wangu.

Ijumaa aligonga mlango wangu mapema. Nilidhani amekuja kunigombeza. Alinieleza kwamba amefikiria: mimi na wengine tufue kwanza, yeye aoshe mwisho, hata kama maji yatakuwa membamba, na atasugua karo mwenyewe. Ila naye alitaka kitu.

"Utakuwa ukininusia," alisema. "Kabla nijaze."

Nilinusa, Jumanne na Ijumaa, kwa karibu miaka miwili, hadi tulipohamia nyumba yenye bomba lake. Alinishikia beseni kidevuni, nami niliinama nikavuta pumzi katika joto lile la mavi na mafuta, machozi yakanitoka, nikamwambia yapo sawa, au ayarudishe majini. Mara mbili nilimwambia ayatupe, akayatupa bila kubisha. Mashati ya mume wangu yaliacha kunuka. Watu wakisimulia habari kama hii husema walizoea, mimi sikuzoea. Kila mara nilikimbia ghorofani nikatapika au nikakaribia, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikabadili blauzi. Yeye alijua. Aliniwekea limau lililokatwa kwenye kisahani karibu na mlango, na sikumbuki hata siku moja tuliyolizungumzia.